Ulimi wa Kuazima

Jumamosi, 7 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, nguo zangu zote zikiwa kwenye kamba. Nimezianua mbio, na nilipogeuka nikamkuta Mwalimu amesimama mlangoni mwa duka langu la ushonaji. Mwavuli alikuwa nao mkononi, umefungwa, na yeye ameloa chapachapa.

Alikaa kwenye kiti cha wateja akaniomba nifunge mlango. Nikajua ugonjwa wa koo umerudi. Akasema si hilo. Ni kwamba tangu amalize matibabu ya mionzi mwaka jana hasikii ladha ya kitu chochote. Asali, maji, povu la sabuni, vyote kwake ni kitu kimoja. Waliomtibu walisema ladha itarudi baada ya miezi michache, na sasa miezi imefika saba. Amelificha jambo hilo kwa kila mtu, hata kwa binti yake anayeishi naye, ambaye hula anachopewa na kukimbilia kazini.

Huyu ndiye mpishi wa kwanza katika chama chetu cha walaji. Kila mwaka mvua zikikaribia kuisha tunakutana watu thelathini hivi katika ukumbi wa shule aliyokuwa akifundisha. Kila mmoja analeta sufuria moja, zinapangwa mezani bila jina. Karani mstaafu anafunua moja baada ya nyingine, watu wanaonja, kisha anauliza, "Mkono wa nani?" Hapo ndipo ukumbi unamtaja aliyepika. Kwetu utamu si hoja. Wapishi wazuri wamejaa. Hoja ni kupika chakula ambacho mtu akikiweka mdomoni anakuona wewe. Anayetajwa na ukumbi mzima anasimama, anapigiwa makofi, basi. Mwalimu ametajwa miaka kumi na moja mfululizo, kwa mchuzi wake wa kuku. Mimi hutajwa na watu watatu wanne, wengine wakibaki wanatazamana.

"Nahitaji ulimi, Fundi," aliniambia. "Mikono ninayo, macho ninayo, sufuria naisikia ikilia najua inataka nini. Ulimi ndio sina. Niazime wako."

Nikamwambia hata asiponitaja kama msaidizi nitafanya. Akasema kuna jingine. Mwili wake anaujua, na haumpi habari njema. "Nataka wanitaje mara moja tena. Nisikie kwa masikio yangu. Baada ya hapo sitawasumbua."

Mkutano ni tarehe tisa Mei. Kwa kanuni zetu anayesaidia haleti sufuria yake. Nilikubali bila kufikiri. Haya nayaandika nyuma ya daftari la vipimo, kwa hiyo ukilifungua mbele utakuta viuno na mabega ya wateja, na ukilifungua nyuma utanikuta mimi.

Jumapili, 8 Machi

Mvua kutwa. Nimeshona sare nne za shule na kumfikiria Mwalimu.

Jumamosi, 14 Machi

Leo tumekwenda sokoni watatu, mimi, Mwalimu na Kinyozi. Kinyozi ana duka lake jirani na langu, na ni mwanachama mwenzetu. Kupika hajui, ila kununua hana mpinzani. Anakibonyeza kitunguu kwa kidole gumba kama anavyopima kichwa cha mteja, kisha anakirudisha akisema hiki kimezeeka kabla ya wakati wake. Muuza vitunguu alimuuliza kama anataka kununua au kuoa. Akajibu kwamba kuoa alikwisha kosea, kwa hiyo sasa amekuwa mwangalifu. Mwalimu alicheka mpaka akashika meza ya watu.

Siri tumempa, maana bila yeye hatuwezi. Akasema, "Akili ni nywele, dada. Kumbe na ulimi pia." Kisha akaenda kuchagua kuku.

Kuku wa Mwalimu ni lazima awe mkubwa, aliyekwisha taga. Malimau ni lazima yawe na ganda jembamba. Tulinunua sita, kwa kawaida hutumia manne. Nyumbani kwake alinipa kigoda karibu na jiko, akaanza. Sijawahi kumtazama akipika kwa ukaribu hivi. Hapimi kitu. Vitunguu vikiwa kwenye mafuta huinamisha kichwa, na mlio ukibadilika anatia tangawizi. Kuku akiiva anaepua, ndipo anakamua malimau, mchuzi ukiwa nje ya moto. Hayahesabiwi, alinieleza, kwa sababu limau moja lina maji na lingine ni kavu. Hapo ni ulimi tu.

Akanipa kijiko. Nikaonja, nikamwambia mtamu.

"Sikuulizi kama ni mtamu," alisema, kwa sauti ile ya darasani. "Nauliza ukoje."

Nikaanza upya. Chumvi imekolea. Pilipili manga iko nyuma kabisa, inakuja baadaye. Limau bado. Akakamua la nne. Nikaonja tena nikasema sasa unakunja uso. Akafunika sufuria, ameridhika, na mimi nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kama niliyepewa kazi serikalini.

Jumatano, 18 Machi

Duka linavuja juu ya cherehani. Nimeweka beseni.

Jumamosi, 21 Machi

Tumepika mara ya pili. Na leo niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mimi mchuzi wa Mwalimu siupendi. Miaka kumi na moja nimeula nikisema mtamu, na kila mwaka nimekwenda nyumbani nikanywa maji kuondoa ule ukali. Watu wakiuonja wanafumba jicho moja, wanatikisa kichwa, halafu wanaongeza. Mimi naona limau limezidi, limeua kila kitu kingine alichokitia.

Leo alipokamua la tatu nikasema, "Basi." Limenitoka tu. Akauliza, "Basi kweli?" Nikasema ndiyo, malimau ya leo yana maji mengi. Akaweka chini lile la nne.

Na kweli mchuzi ulikuwa mzuri zaidi. Tangawizi ilisikika. Sioni nilichokosea.

Jumanne, 24 Machi

Binti wa Mwalimu amepita dukani kupunguza sketi. Shikamoo, marahaba, simu mkononi. Hakukaa. Namwona msichana mkavu sana kwa mama kama yule.

Jumamosi, 28 Machi

Mara ya tatu. Malimau mawili na nusu. Kinyozi alipakua bakuli lake, akala polepole, akawa kimya, jambo ambalo si la kawaida yake. Tukiwa tunasuuza vyombo uani aliniuliza kama Mwalimu amebadilisha mapishi. Nikamwambia Mwalimu ndiye anayepika, mimi naonja tu.

"Chovya chovya humaliza buyu la asali," alisema.

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema hana maana yoyote, ni methali tu imempitia kichwani. Nilikasirika. Nikamkumbusha kwamba aliyeombwa ulimi ni mimi, yeye aliombwa vitunguu. Akainua mikono yote miwili kama mtu aliyetishiwa mkasi, akaenda zake.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua, sare, mvua. Sare za mwisho zimechukuliwa.

Jumamosi, 4 Aprili

Hatukupika. Mwalimu alisema amechoka.

Jumamosi, 11 Aprili

Ugonjwa umerudi. Aliniambia binti, siyo yeye. Alikuja asubuhi nikiwa bado natandaza kitambaa kwenye meza ya kukatia, akasimama mlangoni kama mama yake alivyosimama mwezi uliopita. Uvimbe uko pale pale kooni na sasa uko pia kwenye mapafu. Daktari amesema mionzi haitasaidia tena. Watampa dawa za maumivu, arudi nyumbani akae na watu wake.

Nikamshika mkono, akauacha mkononi mwangu. Kumbe anajua kila kitu. Anajua tangu mwaka jana kwamba mama yake haonji, kwa sababu siku moja chai ilitiwa chumvi mahali pa sukari, na mama akanywa kikombe kizima akimsimulia habari za jirani. Binti naye akainywa yake yote. Tangu siku hiyo amekuwa akila kila anachopewa, chenye chumvi mara mbili au kisicho na chumvi kabisa, asimwaibishe. Ndiyo maana hula haraka akakimbia. Nilijisikia vibaya kwa yale niliyoyaandika juu yake.

Aliniomba jambo moja. Mama asimame jikoni kidogo iwezekanavyo, ikiwezekana nipike mimi nimwambie amepika yeye. Nikamwambia hatakubali. Akasema, "Basi mama mdogo, angalau fanya wamtaje. Sina kingine cha kumpa."

Nimeahidi. Nilikuwa nalia, lakini nimeahidi.

Jumapili, 12 Aprili

Sijafungua duka.

Jumamosi, 18 Aprili

Mwalimu ametaka tupike. Anakaa kwenye kigoda sasa, mimi nasimama. Mkono wake unatetemeka, kwa hiyo kukata nakata mimi. Alinigombeza kwamba nakata vitunguu kama napima kitambaa, vyote sawasawa. Anataka vingine vikubwa, vingine vidogo, ili vingine viyeyuke na vingine vibaki. Nikajitahidi kukosea. Haikuwa rahisi.

Malimau alikamua mwenyewe, kwa nguvu zote alizonazo. La pili lilipoisha aliniangalia. Nikaonja. Ulikuwa laini, umenyooka, kila kitu mahali pake. Nilifikiria ukumbi mzima ukiuonja, nikafikiria watu wakisema mwaka huu Mwalimu amevuka mpaka. Nikasema, "Basi."

"Ule ukali wa mwisho upo? Ule unaomrudisha mtu kwenye bakuli?"

Nikasema upo. Sikuutafuta hata. Nilijiambia namsaidia, kwamba mpishi bora hutajwa kwa chakula bora, na kwamba ahadi niliyompa binti ni kumfanya atajwe. Yote hayo niliyaamini. Nayaandika hapa ili nione kama yanasimama.

Jumatano, 22 Aprili

Kinyozi amemnyoa Mwalimu nyumbani kwake. Nywele zilikuwa zinamkera, akaamua ziondoke zote. Kinyozi alirudi, akakaa kwenye benchi lake akiangalia mvua. Wateja wawili walikuja akawaambia wembe umeharibika. Nilikuwa namchukulia kama mtu wa mzaha tu.

Jumamosi, 25 Aprili

Tumepika. Malimau mawili.

Jumamosi, 2 Mei

Tumepika. Malimau mawili. Alisinzia kabla sijaonja.

Ijumaa, 8 Mei

Sokoni mimi na Kinyozi, Mwalimu hawezi tena. Alituandikia orodha kwa mwandiko wake wa ubaoni, uliokaa mstarini kama zamani: kuku mkubwa, vitunguu vinane visivyolingana, tangawizi, kitunguu saumu, malimau sita ya ganda jembamba. Tulizunguka soko zima kwenye tope. Kinyozi alirudisha kuku watatu. Kwa malimau alisimama muda mrefu zaidi, akiyapima mkononi, na alipolipa akayatia kwenye mfuko wake mwenyewe badala ya kapu.

Tukiwa njiani akasema, "Dada, kesho mwache akamue manne yake."

Nikamwambia mchuzi utakuwa mkali kupita kiasi.

"Ndiyo. Ndio mchuzi wake huo."

Nilimjibu kwamba kinyozi ashike nywele. Nayaona maneno hayo hapa na ninatamani kuyafuta, lakini ndivyo nilivyosema.

Jumapili, 10 Mei

Sikuandika jana. Leo naandika yote.

Tulipika asubuhi. Mwalimu alivaa gauni la kijani nililomshonea alipostaafu. Nimelipunguza mara mbili mwaka huu na bado lilimpwaya. Kila kitu alifanya kwa sikio. Alikuwa mchangamfu, alinisimulia wanafunzi wake wa zamani, nani alikuwa mwizi wa chaki na sasa ni hakimu. Alipofika kwenye malimau alikamua mawili, akasubiri kijiko changu. Nikasema, "Basi."

Akatazama sahani. "Yamebaki manne."

"Ya leo yana maji," nilisema.

Hayakuwa na maji. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni amesikia. Nilimpa mgongo.

Ukumbini walimwekea kiti chenye mto, mbele. Kila mtu alikuja kumsalimu, kila mtu alijifanya haoni kichwa kilichonyolewa. Sufuria zilikuwa ishirini na sita. Yake ilikuwa ya saba. Mimi nilikaa kulia kwake, binti kushoto, na binti alikuwa ameleta leso mpya akijua atalia kwa furaha.

Sufuria sita za kwanza zilikwenda kama kawaida, kelele, vicheko, mzee wa duka la dawa akikosea kila jina. Karani akafunua ya saba. Watu wakapita na vijiko. Nikaona nyuso zinafunguka, nikasikia mtu anasema mchuzi huu ni wa kuoelea. Mwalimu alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, amefumba macho. Alikuwa anasubiri.

"Mkono wa nani?" aliuliza Karani.

Watu walitazamana. Mwalimu alifumbua macho.

Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akasema, "Mbona uko wazi. Umenyooka hivi, hauna hata uzi uliotoka. Huu ni wa Fundi."

Na mzee wa duka la dawa akasema Fundi. Na meza ya kushoto, na meza ya kulia. Hata Karani alitabasamu. Ukumbi mzima ukasema Fundi. Ni Kinyozi peke yake aliyekuwa anatazama sakafu.

Miaka kumi na moja nimeomba kitu hicho. Nimekiota nikiwa kwenye cherehani. Kilipokuja nilihisi kama nimekamatwa mkono wangu ukiwa ndani ya mkoba wa mtu.

Nikamgeukia. Nilitaka kuwaambia watu wamekosea, ni wake, nimemsaidia tu. Alinishika kifundo cha mkono kabla sijafungua mdomo. Aliuliza polepole, sauti yake imebaki nusu siku hizi, na nadhani aliyesikia ni mimi na binti tu.

"Ulipunguza limau?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

Akauachia mkono wangu. Nilitamani anipige. Akasema, "Simama. Wamekutaja."

Nikamwambia siwezi. Akasema kwamba wanaosimama ni wanaotajwa, hiyo ndiyo kanuni, na yeye hajawahi kuvunja kanuni mbele ya watu. Akanisukuma kwa kiwiko, kwa nguvu ambayo sikujua kama anayo bado. Nikasimama. Wakanipigia makofi, na Mwalimu naye akapiga, viganja vyake havitoi sauti. Hakuna aliyeuliza sufuria yake iko wapi. Walidhani mwaka huu hakuweza kupika, na kwa heshima wakanyamaza.

Binti hakutumia leso yake. Alinitazama mara moja tu.

Jumatatu, 11 Mei

Nimekwenda. Binti amesema mama amelala.

Jumanne, 12 Mei

Nimekwenda. Amelala.

Alhamisi, 14 Mei

Amelala. Nilimsikia akikohoa ndani.

Ijumaa, 15 Mei

Kinyozi ameniletea chai dukani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia watu ukumbini. Akasema si kazi yake kumsemea Mwalimu. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Mwalimu mapema. Akasema alijua tangu Machi, lakini alidhani labda Mwalimu mwenyewe ameridhia, kwamba sisi wawili tuna mambo yetu ya kike. Alipogundua sivyo, ilikuwa imebaki wiki moja, na aliogopa kumvunja moyo. "Sote tulimwonea huruma, dada," alisema. "Huruma ndiyo imemmaliza."

Hakunilaumu. Ningepumua kidogo kama angenilaumu.

Jumapili, 17 Mei

Ameniita. Alituma binti asubuhi.

Alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mito mitatu mgongoni. Hawezi kumeza ila maji ya kijiko. Nilipiga magoti nikaanza kuomba msamaha, maneno mengi, nilikuwa nimeyapanga wiki nzima. Alinikatiza akaniuliza swali moja tu, kama mchuzi wake niliupenda kweli miaka yote hiyo.

Nikasema, "Hapana. Ni mkali mno."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda, binti akaja na kitambaa. Alipotulia aliniuliza kwa nini sikuwahi kusema. Nikamwambia niliogopa, na pia nilikuwa na wivu, na sijui lipi lilitangulia. Niliona afadhali nimwambie yote. Nikamwambia kwamba nilipokuwa nasema basi nilikuwa nawaza utamu, sikuwaza yeye.

Aligeuza uso dirishani.

"Mama yangu alikuwa anatia sita," alisema. "Mimi nilipunguza mawili. Nami nilikuwa siupendi wa kwake."

Nikamwangalia. Nilianza kupata ahueni, nilidhani ananisamehe.

"Lakini mimi," alisema, "nilisubiri afe kwanza."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayemweleza mwanafunzi alipokosea hesabu. Kisha akaniomba nimgeuze upande, nikamgeuza, nikakaa nimemshika mguu hadi binti alipokuja kunipokea zamu. Sijui kama nimesamehewa. Sikuuliza tena.

Ijumaa, 22 Mei

Amefariki leo alfajiri.

Jumamosi, 23 Mei

Tumezika. Mvua haikunyesha.

Jumamosi, 30 Mei

Wanachama wamekwenda leo kumpa pole binti. Alikuwa ameniomba juzi nipike. Sikutarajia. Nilikuwa nimemweleza kila kitu siku ya mazishi, akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Nilisikia, mama mdogo. Nilikuwa pale." Halafu akaniuliza kama najua kuupika ule wenyewe. Nikasema najua.

Kinyozi alinunua. Nilipika kwenye jiko la Mwalimu, peke yangu. Vitunguu nilivikata ovyo, vikubwa kwa vidogo. Niliinamisha kichwa kusikiliza. Nilipoepua nikakamua malimau mawili, nikaonja, ulimi wangu ukaniambia basi. Nikakamua la tatu. Nikakamua la nne. Niliacha kuonja.

Waliokuwa sebuleni walipata kama ishirini. Nilipakua, binti akapeleka, mimi nikabaki jikoni na vyombo. Kwanza nilisikia mazungumzo yale ya msibani, ya sauti ya chini. Kisha yakakatika. Hakuna aliyeuliza mkono wa nani, Karani hakuwa hata na mahali pa kulisema. Ila nilimsikia mzee wa duka la dawa, ambaye hajawahi kupatia jina hata moja, akisema, "Mwalimu." Na mwanamke yule wa nyuma akasema Mwalimu. Na wengine, mmoja mmoja, kisha wote pamoja, nyumba nzima.

Binti aliingia jikoni ameshika bakuli tupu. Alikuwa analia. Akaniambia, "Umesikia? Wamemtaja."

Nikasema nimesikia. Mwalimu aliomba asikie mara moja tu, na alikuwa amekaa pale ukumbini, amefumba macho, akisubiri. Malimau manne yalikuwa yamebaki kwenye sahani. Niliyemnyima ni mimi.